Umbali kwanza, ndipo mwendo na mafuta

Madereva wa Lubumbashi hubishana sana juu ya mafuta. Ukikaa kidogo kwenye maegesho ya magari yaendayo Likasi, utamsikia mmoja akiapa kwamba gari lake linatumia lita 7 kwa kilomita 100, na mwenzake, mwenye gari la aina ileile na injini ileile, akisema kwamba la kwake halijawahi kushuka chini ya 9. Ubishi huo hauna mwisho, kwa sababu kila mmoja anatoa ushahidi kutoka dashibodi yake mwenyewe, na hakuna kati yao aliyewahi kuipima dashibodi hiyo kwa kitu kilicho nje ya gari. Mimi naamini kwamba wote wawili wanaweza kuwa wakweli na hesabu zao bado zikapishana, na pia kwamba jambo hili linaweza kumalizwa kwa simu, chaki, mita ya utepe na subira.

Kosa ninaloliona mara nyingi kwa wanaojaribu kupima ni mpangilio. Wanaanza na mshale wa mwendo kwa kuwa ndio ulio mbele ya macho, au wanaanza na mafuta kwa kuwa ndiyo yanayouma mfukoni, ilhali vyote viwili vinasimama juu ya kitu cha tatu ambacho hawakigusi, nacho ni umbali. Mwendo ni umbali kwa saa. Matumizi ya mafuta ni lita kwa umbali. Gari likihesabu kilomita vibaya, kila namba itokayo baadaye itabeba kosa hilo, na utamlaumu mwenye pampu au nozeli zinazopulizia mafuta ndani ya injini kwa jambo lililoanzia kwenye tairi. Kwa hiyo pima umbali kwanza, na ukishajua kosa lake, mengine yote yatapimika kwa urahisi.

Inafaa kujua gari linapataje habari za mwendo wake. Katika magari ya zamani, waya unaozunguka ndani ya mrija hutoka kwenye giaboksi hadi nyuma ya dashibodi. Huko waya huo huzungusha sumaku iliyo karibu sana na kikombe cha alumini bila kukigusa. Sumaku inapozunguka huzalisha mikondo ya umeme ndani ya alumini, mikondo hiyo hukivuta kikombe kifuate mzunguko, na springi nyembamba kama unywele hukizuia. Mshale uliofungwa kwenye kikombe husimama pale ambapo mvuto na springi vinalingana. Otto Schulze wa Strasbourg alisajili ubunifu huo mwaka 1902, na ulitumika katika magari ya dunia nzima kwa miongo mingi. Waya huohuo, kwa njia ya meno ya gia, ndio unaozungusha tarakimu za kilomita.

Ukilifikiria jambo hili, utaona kwamba mshale na tarakimu havikosei kwa namna moja. Tarakimu ni kuhesabu tu: gia haisahau mzunguko hata mmoja, iwe mpya au kuukuu. Mshale ni mizani kati ya sumaku na springi, na vitu hivyo huchoka. Sumaku ikidhoofika, mshale husoma chini ya kweli; springi ikilegea, husoma juu. Ndiyo sababu gari moja linaweza kuwa na kilomita sahihi kabisa na mshale wa mwendo usioaminika. Magari mengi ya Kijapani, ambayo ndiyo yaliyojaa barabarani kwetu, yaliundwa ili waya huo uzunguke mara 637 kwa kila kilomita, na waya ulipoachwa na nafasi yake kuchukuliwa na kitambuzi cha umeme, kila mzunguko uligeuzwa kuwa mapigo 4, yaani mapigo 2,548 kwa kilomita. Kompyuta ya gari haijui kitu kingine chochote kuhusu barabara. Inahesabu mapigo, na inaamini kwamba tairi iliyo chini yake ni ile aliyoikusudia mtengenezaji.

Hapo ndipo tairi inapoingia, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu Lubumbashi ni mji ambao watu hufunga tairi yoyote inayoingia. Tairi iliyoandikwa 195/65R15 ina upana wa milimita 195, ukuta wake ni asilimia 65 ya upana huo, na rimu yake ni inchi 15, ambazo ni milimita 381. Jumlisha kuta mbili na rimu utapata kipenyo cha milimita 634.5, na ukizidisha kwa 3.1416 utapata mzingo wa karibu mita 1.99. Mwenye gari akitaka liinuke kidogo ili lisikwaruze tumbo kwenye mashimo ya msimu wa mvua, hununua 205/70R15, na duka humwambia kwamba rimu ni ileile, hakuna shida. Kipenyo kimekwisha kuwa milimita 668, yaani kimeongezeka kwa asilimia 5.3. Tangu siku hiyo, kila dashibodi inapohesabu kilomita 100, gari limekwenda 105 na zaidi kwa hesabu ya zamani, na mshale umeshuka chini kwa kiasi hichohicho. Tairi inayolika hufanya kinyume chake: meno yakitoka milimita 8 yakabaki 1.6, kipenyo cha tairi hiyo ya kwanza hupungua kwa asilimia 2, na kilomita zinaanza kuongezeka dashibodini bila gari kwenda popote pa ziada. Upepo uliojazwa ndani ya tairi nao una sehemu yake, ila ndogo kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa mkanda wa nyaya za chuma ulio chini ya meno haubadilishi urefu wake kirahisi.

Hesabu ya karatasi haitoshi, maana uzito wa gari huibana tairi pale inapogusa ardhi. Nilichora mstari wa chaki kwenye ukuta wa tairi na mwingine kwenye saruji ya karakana moja huko Kampemba, tukalisukuma gari polepole hadi gurudumu likazunguka mara 10, kisha tukapima kwa mita ya utepe. Zilikuwa mita 19.4, si 19.9 za hesabu. Fundi mwenye karakana hiyo ni mzee ambaye vijana wote humwita Papa, nami humwita hivyo. Alisimama kando akitazama, akasema, "Mwanangu, sasa umepima mguu wa gari. Nenda ukapime njia." Na kweli, mita hizo 19.4 hazikuniambia kama dashibodi inakosea. Ziliniambia tu ni tairi ya kiasi gani ninayoilinganisha nayo. Ukibadilisha tairi baadaye, utarudia kipimo hicho cha chaki kwa dakika kumi na utajua asilimia ya badiliko bila kurudi barabarani.

Kupima njia kunahitaji mwendo mrefu. Tarakimu ya mwisho ya kilomita za safari huonyesha mita 100, kwa hiyo ukipima kilomita 10 peke yake, kutokuwa na uhakika wa tarakimu hiyo ni asilimia 1 nzima, ambayo inaweza kuwa kubwa kuliko kosa unalolitafuta. Ukienda kilomita 50, imebaki asilimia 0.2. Barabara ya Likasi inafaa sana, kwa kuwa baada ya kuuacha mji inanyooka kwa muda mrefu katikati ya misitu na vichuguu, na simu huona mbingu bila kuzuiwa na majengo. Niliweka sifuri kwenye kilomita za safari, nikaiacha simu irekodi njia kwa setilaiti, nikaendesha kuelekea Luisha bila kusimama. Kusimama kuna madhara yake: gari likiwa limetulia, simu huendelea kuyumbayumba mita chache huku na huku, na kila kuyumba kunaongezwa kwenye umbali. Katika mji wenye foleni na vituo vingi, kipimo hicho hakifai. Njiani dashibodi iliongeza kilomita 1 hivi kwa kila 100. Hilo ni kosa dogo, nalo linalingana na tairi zilizoanza kulika.

Baada ya hapo ndipo nikageukia mshale. Watu wengi hushangaa wakigundua kwamba simu inaonyesha mwendo mdogo kuliko dashibodi, na huamua kwamba simu ndiyo mbovu. Kinyume chake ndicho cha kweli mara nyingi, na sababu yake imeandikwa. Kanuni Namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na watengenezaji wa nchi nyingi, inasema kwamba mwendo unaoonyeshwa usiwe chini ya mwendo halisi hata mara moja, na usiuzidi kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya mwendo halisi ukijumlisha kilomita 4 kwa saa. Gari linalokwenda 80 kwa kweli linaruhusiwa kuonyesha hadi 92. Linalokwenda 100 linaruhusiwa kuonyesha hadi 114. Mtengenezaji anayejua kwamba hatadhibiti tairi zote zitakazofungwa anauinua mshale makusudi ili abaki salama upande wa juu. Marekani, kwa malori ya biashara, kanuni imekaa tofauti: kipimamwendo kinatakiwa kisikosee zaidi ya kilomita 8 kwa saa, juu au chini, gari likiwa kwenye mwendo wa 80. Mimi naipenda zaidi ile ya kwanza, kwa kuwa anayedanganywa kwamba anakwenda kasi hupunguza, na anayedanganywa kwamba anakwenda taratibu hajui kwamba yuko hatarini.

Simu haipimi mwendo kwa kulinganisha tu nukta mbili za ramani. Kipokezi chake husoma jinsi mawimbi ya setilaiti yanavyobadilika kadiri gari linavyosogea, na kwenye mwendo usiobadilika kosa lake huwa chini ya kilomita 1 kwa saa. Tatizo lake ni kuchelewa. Ukikanyaga mafuta, namba ya simu hufuata baada ya sekunde moja au mbili, na mtu anayelinganisha huku mguu wake ukicheza hapati kitu. Kwa hiyo tulitoka Jumapili asubuhi, wakati wa kiangazi, kabla malori ya shaba hayajaijaza barabara, na dereva hakugusa simu. Mdogo wangu alikaa pembeni na daftari. Mimi nilishikilia mshale katikati ya namba, nikamwambia nikiwa tayari, naye alisubiri simu itulie kabla ya kuandika. Wakati mmoja alisema (yaya kwetu ni ndugu mkubwa), "Yaya, usikaze mguu, inapanda," na ilikuwa kweli, kulikuwa na mteremko mdogo ambao sikuuona. Mshale ukiwa 40, simu ilisema 38. Ukiwa 60, ilisema 56. Ukiwa 80, ilisema 75. Ukiwa 100, ilisema 94. Tulikwenda na kurudi kwenye kipande hichohicho, na namba zilibaki karibu zilezile.

Asiyekuwa na simu nzuri ana saa. Pima kilomita moja kati ya vitu viwili visivyohama, uishikilie namba moja ya mshale, uhesabu sekunde, kisha ugawe 3,600 kwa sekunde hizo. Sekunde 60 ni mwendo wa 60, sekunde 45 ni 80, sekunde 40 ni 90. Kwa mshale wa 80 gari langu linahitaji sekunde 48, ambazo ni 75, na hilo linakubaliana na setilaiti. Kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la uchunguzi chini ya usukani pia kinasaidia, kwa kuwa husoma mwendo kutoka kompyuta ya injini kabla mshale haujaongezewa chochote, ingawa magari mengi ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayakijibu kifaa cha bei ndogo. Sasa matokeo yanagawanyika vizuri: asilimia 1 inatoka kwenye tairi, kwa kuwa imeonekana hata kwenye kilomita, na kilichobaki ni cha mshale wenyewe. Bila kupima umbali kwanza, nisingeweza kuvitenganisha.

Mafuta ni habari ndefu zaidi. Mshale wa tangi unaongozwa na boya linaloelea, lenye mkono unaosogea juu ya ukanda wa ukinzani wa umeme. Boya linajua urefu wa mafuta mahali lilipo, halijui ujazo. Tangi nazo hazina umbo la sanduku, kwa sababu zinabanwa kati ya ekseli, bomba la moshi na viti, basi sentimita moja ya juu na sentimita moja ya chini hazina lita sawa. Isitoshe, ukijaza mpaka shingoni, boya limekwishagota juu na kuna lita kadhaa lisizoziona, ndiyo maana mshale hukaa kwenye alama ya kujaa kwa muda mrefu halafu huanza kushuka haraka. Watu husema gari limeanza kula mafuta. Gari halijabadilika.

Ili kulijua tangi, ni lazima kwanza kukijua chombo cha kumiminia. Bidoni la njano ambalo kila mtu huliita la lita 20 halina lita 20 likijazwa mpaka mdomoni. Tulilipima kwa maji kwenye mizani ya muuza unga, kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja, na tulipofika kilo 20 baada ya kutoa uzito wa bidoni lenyewe, maji yalikuwa bado chini ya shingo. Tulichora mstari hapo. Mpaka juu kabisa, lilikaribia 22. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa anayenunua kwa kadhafi, yaani muuza mafuta wa kando ya barabara: mmoja huuza bidoni la mpaka mstari, mwingine la mpaka shingoni, na anayelinganisha bei bila kuangalia ujazo anaweza kuiita nafuu ile iliyo ghali. Kwenye pampu, kipimo cha kimataifa cha kosa linaloruhusiwa ni asilimia 0.5, yaani mililita 100 katika lita 20, na nchini kwetu Ofisi ya Kongo ya Udhibiti, OCC, ina kazi ya kukagua vipimo vya biashara. Bidoni lenye mstari uliopimwa kwa mizani haliwezi kuona kosa dogo kiasi hicho, lakini lita nzima iliyopungua litaiona bila shaka.

Kisha tukangoja mpaka taa ya akiba ilipowaka na kubaki imewaka, tukaliweka gari kwenye saruji iliyosawazishwa, mbali na mbabula, yaani jiko la makaa, na kila anayevuta sigara, tukaanza kuongeza lita 5 kwa zamu. Baada ya kila lita 5 tuliwasha swichi bila kuwasha injini, tukasubiri, kwa sababu mshale umepunguzwa haraka yake makusudi ili usichezecheze mafuta yanapotikisika njiani. Lita 5 za kwanza ziliizima taa na kuusogeza mshale upana wa msumari mdogo. Za katikati ziliusogeza sana. Alama ya nusu ilifikiwa mapema kuliko nilivyotarajia: nusu ya dashibodi, katika gari hili, ni pungufu ya nusu ya tangi. Papa alichukua kalamu akaandika lita kwenye mchoro wa mshale tuliouchora daftarini, na mchoro huo naona una faida kuliko kitabu cha gari kwa mtu anayekwenda mpaka Kolwezi, kilomita 300 hivi, akipanga mahali pa kujaza.

Matumizi kwa kilomita yanahitaji njia nyingine, ya kujaza na kujaza tena. Jaza mpaka pampu ijikate mara ya kwanza, usiongeze tone, endesha, rudi kwenye pampu ileile na uegeshe upande uleule, ujaze mpaka ijikate tena. Lita ulizoweka ndizo ulizotumia. Hata hivyo pampu hujikata mapema au kwa kuchelewa, na lita moja au mbili za tofauti katika 40 ni kati ya asilimia 2.5 na 5, kosa linalotosha kuufanya ubishi wa maegesho uendelee mwaka mzima. Dawa yake ni kujumlisha: lita zote za kujaza mara kadhaa zigawanywe kwa kilomita zote, kwa kuwa kosa la kujaza linabaki lilelile mwanzoni na mwishoni huku jumla ikikua. Joto nalo hutajwa sana. Petroli hupanuka kwa karibu asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, kwa hiyo lita 40 zikipata joto la nyuzi 10 zaidi huongezeka karibu lita 0.4; lakini matangi ya vituo yako chini ya ardhi, ambako joto la asubuhi na la mchana halitofautiani sana, na kuamka alfajiri ya baridi ya Juni ili kupata mafuta mazito hakuna faida inayoonekana.

Kioo kidogo cha dashibodi kinachoandika matumizi hakipimi lita hata moja. Kompyuta hujumlisha muda ambao nozeli zimekuwa wazi, huzidisha kwa kiasi ambacho nozeli mpya ingepitisha, kisha hugawa kwa umbali wa mapigo yaleyale 2,548. Nozeli ikichakaa au shinikizo la mafuta likibadilika, haina habari. Kwangu iliandika 7.1 kwa kilomita 100, na hesabu ya kujaza ilitoa 7.7, baada ya kuondoa asilimia 1 ya kilomita zilizozidi, ikawa 7.8. Rudi sasa kwa wale wawili wa maegesho. Aliyetumia lita 38 kwa kilomita 410 za dashibodi anasema 9.3. Ikiwa tairi zake ndogo zinazidisha kilomita kwa asilimia 4, alikwenda 394 tu, na matumizi yake ni 9.6. Ikiwa amefunga zile kubwa za asilimia 5.3, alikwenda karibu 432, na matumizi yake ni 8.8. Hilo halijagusa injini wala mguu wa dereva.

Karatasi ya namba zangu imebandikwa kando ya usukani, na msimu wa mvua ukikaribia italazimika kuandikwa upya, maana nimekusudia kufunga 205/70 kwa ajili ya barabara ya Kasenga. Kwa hesabu ya asilimia 5.3 peke yake, bila kuhesabu kulika kwa tairi za sasa, mshale wa 80 ambao leo ni 75 utakuwa 79 halisi, na wa 100 utakuwa 99, yaani karibu akiba yote aliyoiacha mtengenezaji itakuwa imeliwa na mpira. Kilomita 100 za dashibodi zitakuwa 104. Chaki na mita ya utepe vitatumika siku ileile ya kufunga tairi, na Jumapili itakayofuata mdogo wangu atakaa tena pembeni na daftari, safari hii akianza na mshale wa 40, ambao leo ni 38 na kwa hesabu utakuwa 40 kamili, kwa kuwa hapo ndipo kosa la upande wa chini linaweza kutokea kwanza.